Tofali la Melkiori

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni Ijumaa moja ya Kwaresima, nilipokuwa nimechuchumaa mbele ya tanuri langu hapa kambini Nakivale, Uganda, nikitafuta tofali baya. Sikukosea kuandika, mwanangu. Fundi wa matofali hutafuta tofali zuri. Mimi siku hiyo nilitafuta baya, na nililitafuta kwa makini kuliko nilivyowahi kutafuta zuri.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia kwamba mwaka huu, katika sahwanya yetu, kuna vijana wawili wasiosemezana. Sahwanya, kwa msomaji asiyetoka kwetu Burundi, ni ile jumuiya ndogo ya majirani wanaosali pamoja kila wiki uani kwa mmoja wao. Kijana mmoja amechaguliwa kubeba tofali la jumuiya hadi Mbarara, mwingine hakuchaguliwa. Sitataja majina. Lakini mimi niliwahi kukaa kwenye kiti cha asiyechaguliwa, na ninajua misumari yake iko wapi. Kwa hiyo keti kidogo. Mguu wangu huu mbaya hauniruhusu kwenda popote, na hadithi yenyewe si ndefu sana.

Kwanza nikueleze kanisa lenyewe, maana wengi wenu mnalipiga picha na simu bila kujua ukuta ule umetoka wapi.

Lile kanisa kuukuu la kilimani, Mbarara, si la kwanza kujengwa pale. La kwanza lilikuwa paa la nyasi juu ya nguzo, na mchwa wakazila nguzo. La pili lilikuwa la miti na udongo, na radi ikaliunguza. Ndipo waumini wakasema la tatu litakuwa la tofali. Gari halikuwapo. Udongo ulichimbwa bondeni kando ya mto Rwizi, ukafyatuliwa na kuchomwa huko huko, kisha watu wakajipanga mstari kutoka mtoni hadi kileleni, wanaume, wanawake na watoto, kila mmoja akimpa mwenzake tofali mkono kwa mkono. Aliyekuwa akijifunza dini hakubatizwa kabla ya kuleta matofali yake. Na Kwaresima ilipofika, walipanda kile kilima na tofali kichwani bila ngata, bila kusema neno, hadi walipoliweka chini mlangoni.

Wazee wetu walipofika hapa kambini na kusikia habari hiyo, wakaifanya desturi yetu pia. Kila Kwaresima tunatembea siku mbili hadi Mbarara. Tunabeba tofali moja tu, lililochomwa kwa udongo wa Nakivale. Kwenye mwinuko wa mwisho mtu mmoja aliyechaguliwa hulipandisha kichwani, na akifika mlangoni hugeuka, akawaeleza mahujaji historia ya kanisa. Kisha tofali hukabidhiwa mlinzi wa kanisa ili litumike kuziba palipobomoka. Kiongozi wetu wa siku hizo, Mama Spesi, alikuwa na maneno yake: "Tofali yetu ikiingia mu ukuta ule, hata mujukuu wangu hataitwa mugeni pale." Sisi tulioacha makaburi ya baba zetu nyuma, neno hilo tulilisikia mifupani.

Desturi hiyo ilizaa pia imani moja ambayo padri hakuifundisha. Watu walisema tofali likimvunjikia mtu njiani, basi kuna dhambi kubwa ameificha. Padri alilikemea jambo hilo mara kwa mara. Lakini wanayoyaamini watu hutembea haraka kuliko padri mwenye pikipiki.

Sasa nirudi kwangu. Mimi, Gerevazi, nilibeba tofali miaka mitatu mfululizo. Nilikuwa fundi, tofali lilitoka kwenye tanuri langu, na historia niliijua neno kwa neno. Alinifundisha mlinzi mwenyewe, mzee mmoja wa Mbarara aliyestaafu jeshini, ambaye kila mtu alimwita Afande Kosma. Nilijua pia kwamba baada ya Pasaka padri angemteua katekista, mwalimu wa dini wa kijiji chetu hapa kambini, na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba angemteua mbeba tofali. Mimi nilikwishaanza kulala katekista na kuamka katekista.

Ndipo akaja Melkiori.

Alifika na kundi la watu waliochelewa kutoka kwetu, peke yake, bila mtu wa ukoo wake hata mmoja. Alipewa kiwanja karibu na changu. Alikuwa fundi cherehani, mrefu, mpole, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu anayeongea kutoka ndani ya mtungi. Nilimsaidia kusimamisha nyumba, nilimpa matofali ya jiko. Jioni tulikaa pamoja, nikamfundisha historia ya kanisa kama Afande alivyonifundisha mimi. Unaona, mwanangu? Wivu wangu haukumwangukia mgeni. Ulimwangukia rafiki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa ndani ya nguo ya Melkiori, karibu kabisa na ngozi.

Jumatano moja kabla ya hija, Mama Spesi alimwomba Melkiori ajaribu kuieleza ile historia mbele ya sahwanya. Akasimama. Alipofika kwenye ule mstari wa watu kutoka mtoni hadi kileleni, alinyoosha mikono kama anayepokea tofali, akageuka, akamkabidhi bibi mmoja aliyekuwa ameketi pembeni. Na yule bibi, bila kufikiri, alinyoosha mikono akapokea. Akageuka, akampa jirani yake. Lile tofali lisilokuwepo likazunguka ua mzima, watu wakilia na kucheka.

Bibi yule akafuta macho, akasema, "Gerevazi alikuwa anatusomea sawa na karatasi ya mugao wa chakula. Huyu anasema sawa na mutu mwenye alikuwa pale."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, tena kwa sauti. Mama Spesi akasema, "Basi mwaka huu Melkiori atabeba." Nikapiga makofi na wengine. Viganja vyangu viliniuma hadi nyumbani.

Sitakuficha jinsi wivu ulivyonila, maana ukiujua sura utautambua ukija kwako. Hauji ukisema, "Mimi ni wivu." Unakuja ukisema, "Mimi ni haki." Nilijiambia, historia ile ni yangu, mimi ndiye niliyempa. Nilijiambia, mtu amefika juzi, anajua nini? Nikaanza kuhesabu nani anamsalimia yeye kwanza kabla yangu. Mteja wake akipita na shati la kushonwa, nilijua ni kazi ya mkono wa nani na kola yake ikoje. Maharage yake yakichanua, nilitazama yangu. Hata kikohozi chake cha asubuhi kiliniudhi, nikaona anakohoa kwa majivuno. Kwaresima ile nilikula mara moja kwa siku, mihogo na chumvi, nikajiona mtu wa Mungu. Lakini wivu wangu haukufunga. Ulikula asubuhi, mchana na jioni.

Siku tatu kabla ya safari, Melkiori alikuja kwenye tanuri langu. Alikuwa na furaha, ameshona shati jipya jeupe kwa ajili ya hija, akanionyesha vifungo.

"Gerevazi, mimi mambo ya matofali sijui," akasema. "Nichagulie moja yenye kuwa muzuri. Wewe ndiye unajua."

"Nitakuchagulia," nikasema.

"Na utatembea karibu yangu? Nikisahau fasi moja ya historia, unikumbushe polepole."

"Nitatembea karibu yako."

Akanishika bega, akaenda zake akiimba.

Labda hujawahi kuchoma matofali, kwa hiyo nikueleze. Matofali yaliyo katikati ya tanuri, karibu na moto, huiva hadi ndani. Ukiyagonga moja kwa jingine yanalia kama kengele. Yale ya pembeni, upepo unakopiga, huiva upande mmoja tu. Ukiyagonga yanajibu kama mtu aliyejaza chakula mdomoni. Ndani bado ni udongo. Ukiyaacha kwenye mvua yanarudi kuwa tope. Fundi huyatenga, akayachoma tena mara ijayo.

Nilichukua tofali moja la pembeni. Nikaponda kipande chekundu kilichoiva vizuri, nikachukua vumbi lake, nikalisugua lile tofali pande zote hadi likawa jekundu, zuri kuliko yote. Nikaandika juu yake jina la kijiji chetu kwa msumari, kama ilivyo desturi. Kisha nikaliangalia. Unajua nilichohisi, mwanangu? Sikuhisi aibu. Nilihisi kama fundi aliyemaliza kazi nzuri. Ndiyo maana nakuambia uogope.

Sikutaka Melkiori aumie. Nilitaka tu lipasuke kidogo mbele ya watu, aonekane si mtu wa kubeba, na mwaka ujao warudi kwangu. Kila anayewasha nyasi husema alitaka kuchoma kona moja tu.

Tulitoka Nakivale kabla ya jua, watu kama thelathini, tukiimba. Tofali lilikuwa ndani ya kikapu, tukapokezana. Tulilala Kaberebere, sakafuni katika darasa la shule, na kesho yake tukaendelea. Tulipofika Mbarara tulipita mtaa wa Kakoba. Vijana wa bodaboda wakatutania, "Nyinyi wazee, pandeni, Yesu hakukataza boda!" Mama Spesi akawajibu, "Yeye alipanda punda, na ilikuwa ya kuazima. Wewe utaniazima?" Wakacheka, mmoja akatununulia maji.

Mawingu yalikuwa yamekusanyika tangu asubuhi. Tulipofika chini ya kilima, Melkiori alivaa lile shati jeupe, akapiga magoti, Mama Spesi akamwekea tofali kichwani. Akaanza kupanda kimya. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua mbili, kama nilivyoahidi.

Nusu ya kilima mvua ikashuka. Si mvua ya kutania, mvua nzito ya Machi. Nikaona mstari mwekundu ukishuka shingoni mwake. Kisha wa pili. Vumbi langu lilikuwa linaoshwa. Baadaye rangi ikabadilika, ikawa ya udongo, ikamtiririka usoni, kwenye macho, kwenye lile shati lenye vifungo alivyonionyesha. Hakusimama. Hakusema neno, maana desturi inakataza. Alipofika kwenye ngazi za kanisa tofali likakatika. Nusu moja ilisambaratika mabegani mwake, ikawa tope. Nusu nyingine ikaanguka ngazini.

Aligeuka kutuelekea ili aeleze historia, kama ilivyompasa. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alisimama pale mlangoni, tope likimdondoka kidevuni, akatutazama.

Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema taratibu, "Tofali haiyeyukake bure."

Mwingine akajibu, "Na wakati wa vita, huyu alikuwa fasi gani? Nani anamujua?"

Mwanangu, wewe umezaliwa hapa, labda hujui uzito wa swali lile. Sisi tulitoka katika nchi ambamo jirani alimgeuka jirani. Hapa kambini kila mtu alifika na hadithi yake, na tuliziamini hadithi za wenzetu kwa sababu hatukuwa na jinsi nyingine ya kuishi pamoja. Mtu akiulizwa "ulikuwa wapi wakati wa vita," anaulizwa kama ana damu mikononi. Na Melkiori hakuwa na ndugu hata mmoja wa kusema, mimi namjua, nilikuwa naye. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Kabla mvua haijaisha, lile swali lilikuwa limeshuka ngazi zote na kupanda tena.

Mimi nilikuwa na neno moja tu la kulizima. Sikulisema.

Afande Kosma alitoka ndani ya kanisa na koti lake la mvua la jeshi. Akaokota ile nusu ya tofali ngazini. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza. Akaivunja ncha kidogo, akatazama ndani, akainusa. Kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Hii nani alichoma?"

"Mimi, Afande."

"Wewe Gerevazi. Kuja hapa."

Alinichukua nyuma ya kanisa, kwenye kona ya ukuta inayotazama mto. Miaka mitatu nilikuwa nimefika pale, na kona ile sikuwahi kuonyeshwa. Chokaa yake ilikuwa mpya juu ya chokaa ya zamani, juu ya nyingine ya zamani zaidi. Hata hivyo maji yalikuwa yakipenya.

"Unaona hii?"

"Ninaona."

"Hii historia mimi siambii watu kwa mlango." Akafuta maji usoni. "Wakati wa kujenga, fundi walikuwa wawili. Mmoja alishika ule upande, mwingine huu. Padri alisifu wa huu upande. Sasa yule mwingine, roho ikamuuma. Akaingiza tofali mbichi kwa kazi ya mwenzake. Mvua ilikuja, kona ikaanguka. Padri akamfukuza huyu mtu mzuri. Akaenda."

"Alikwenda wapi?"

"Hakuna anajua. Jina yake imepotea. Na jina ya ule adui yake pia imepotea. Wote wamekufa zamani." Akapiga kona kwa kiganja. "Hii ndiyo imebaki. Kila Kwaresima mimi naziba. Kila mvua ya Novemba inafunguka. Yule mtu alikasirika labda mwezi moja. Mimi nafanya kazi ya hasira yake mpaka leo."

Alinitazama, si kwa ukali. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mkali.

"Fundi anajua tofali yake," akasema. "Si ndiyo?"

"Ndiyo, Afande."

"Wewe enda kwa padri, atakusamehe, hiyo kazi yake. Mimi ni mlinzi tu." Akanipa ile nusu ya tofali, ameifunga kwenye kipande cha gunia. "Beba hii. Siku utasema mbele ya wale watu yako, utaiweka chini."

"Na nisiposema?"

"Basi utazeeka nayo."

Nilikwenda palepale kwa padri wa kanisa lile, nikaungama. Alinisamehe kwa jina la Mungu, na malipizi aliyonipa yalikuwa yaleyale ya Afande, niseme ukweli mbele ya watu. Nikaondoka nikijiambia nitasema njiani. Sikusema. Nikajiambia nitasema Kaberebere. Sikusema. Ile nusu ya tofali ilikuwa mfukoni mwa koti langu, ikinigonga paja kila hatua.

Siku ya pili ya kurudi, Melkiori alikuwa anatembea peke yake nyuma ya kundi. Watu walikuwa wameacha nafasi kati yao na yeye, pana kama ya kupitisha ng'ombe. Nikapunguza mwendo nikamngoja, nikidhani sasa nitasema. Yeye akaanza.

"Gerevazi, wewe ni rafiki yangu. Niambie ukweli. Unawaza Mungu ameona nini kwangu?"

Nikatazama barabara.

"Mama yangu alishindwa kutembea," akasema. "Tulikuwa tunakimbia, miguu yake ilivimba. Akaniambia, wewe enda. Nikaenda. Nilimuacha chini ya ukuta wa shule, na maji kidogo ndani ya kopo. Niliungama, padri akasema si dhambi yangu. Lakini labda padri hakuona vizuri. Labda tofali ndiyo imeona."

Mwanangu, nimezika watu. Nimekimbia vita. Lakini jambo zito kuliko yote niliyowahi kubeba ni sentensi ile. Mtu alikuwa amelibeba jeraha lake kimya, limeanza kupona, na mimi kwa vumbi la tofali nimelifungua na kumwambia kwamba Mungu ndiye aliyelifungua. Na hata hapo, mdomo wangu ulikataa. Nilimwambia, "Usiwaze mingi." Hayo tu. Wivu ukishaiva unakuwa woga, na woga una mdomo mgumu.

Jumatano iliyofuata sahwanya ilikutana uani kwa Mama Spesi. Melkiori alikaa karibu na mlango wa ua, kama mtu atakayeondoka mapema. Baada ya rozari, Mama Spesi alikohoa, akasema kwamba padri ameuliza habari ya katekista, na kwamba yeye anaona tumjibu kwamba Melkiori apumzike kwanza, hadi mambo yajulikane.

"Mambo gani?" akauliza Melkiori.

Wote walitazama mkeka.

Nilisimama. Nikatoa kile kipande cha gunia mfukoni, nikakifungua, nikaiweka nusu ya tofali katikati ya mkeka. Nikasema kila kitu. Vumbi, msumari, upande wa tanuri nilikolitoa. Nikasema kwamba tofali lile halikuona dhambi ya mtu yeyote isipokuwa yangu. Kwetu husemwa jiwe lililoonekana halivunji jembe. Mimi nilikuwa nimelifukia jiwe langu katika shamba la mwenzangu, na sasa nalitoa mbele ya wote.

Mama Spesi akasema, "Gerevazi. Nimekupa chakula mu nyumba hii." Hakuongeza neno, na sikuhitaji liongezwe. Yule bibi aliyenitania akajifunika uso kwa kitenge.

Melkiori alisimama. Nilifikiri atanipiga, na ningependa anipige. Aliinama, akaiokota ile nusu ya tofali, akatoka nayo.

Hakunisemesha hadi Pasaka ikapita. Nilipopita mbele ya nyumba yake cherehani ilinyamaza, nikishapita ikaendelea. Padri alimteua yeye kuwa katekista, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga makofi. Safari hiyo viganja havikuuma.

Kisha asubuhi moja, wakati napanga matofali kwa ajili ya kuchoma, nikamwona amesimama kando ya tanuri. Alikuwa na ile nusu mkononi.

"Hii inaweza kuchomwa tena?"

"Inaweza," nikasema. "Ikiwekwa katikati, karibu na moto."

"Basi uiweke katikati." Akanipa. "Na usiwaze kama hasira imeisha. Haijaisha. Lakini sitaki nizeeke nayo."

Sikujua kama Afande alimwambia yeye pia maneno yale, au kama hekima mbili zilikutana tu. Sikuuliza. Kwaresima iliyofuata Melkiori alibeba tofali jipya, lililolia kama kengele nilipoligonga mbele yake, tena akataka aligonge mwenyewe mara ya pili. Ile nusu niliibeba mimi, nyuma yake hatua mbili. Afande Kosma alitupa mwiko mmoja na chokaa, tukaijenga nusu ile katika ile kona, Melkiori akishika, mimi nikipaka. Novemba ilipokuja mahali pale hapakufunguka. Palifunguka kidogo upande wa kushoto. Afande alicheka sana. "Mliona kazi imeisha?"

Tangu hapo nilikwenda kila Kwaresima kuziba, hata baada ya Afande kufariki, hadi mguu huu uliponikatalia. Ndiyo historia ya kanisa lile ambayo haisimuliwi mlangoni. Lilijengwa na watu waliopeana tofali mkono kwa mkono, na katika mstari uleule alikuwepo mmoja aliyeficha la kwake bichi, na kanisa bado limesimama.

Sasa nasaha yangu. Wewe ambaye hukuchaguliwa, usijidanganye kwamba huna wivu. Unao, na si ajabu, hata mimi ninao uzeeni kwa wenye magoti mazima. Lakini udongo uwahi ungali maji. Wivu wa siku mbili unaweza kuusema kwa mwenzako, "Ndugu yangu, limeniuma," mkacheka nao. Wivu wa mwezi unatafuta tofali. Na kabla hujampa mwenzako kitu, liwe neno, sifa au msaada, kigonge kwanza peke yako usikilize kama kinalia. Kama hakilii, usimbebeshe. Na wewe uliyechaguliwa, mtazame mwenzako aliyekuwa akibeba jana. Mwombe akuelekeze mbele ya watu, si pembeni tu, ili naye aonekane. Na kama umekwisha kumpa mwenzako tofali bichi, usikae ukingoja mvua ipite. Liweke juu ya mkeka. Litakuaibisha jioni moja, lakini halitupwi. Linachomwa tena.

Melkiori ni yule katekista mzee mnayemjua, aliyewafundisha ninyi wote. Nilimsomea haya kabla ya kukupa, maana si hadithi yangu peke yangu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umesahau kuandika kama shati ilikuwa muzuri." Basi naandika. Shati lilikuwa zuri sana.

Mungu aliyetupokea sisi sote bila kutuuliza karatasi akuweke katikati, karibu na moto wake, uive hadi ndani. Mvua ikunyeshee usiyeyuke. Na siku utakapowekwa ukutani, aliye juu yako na aliye chini yako wasikie kwamba wewe ni imara. Nenda salama, mwanangu, na umsalimie yule mwenzako leo kabla jua halijazama.